Nati Kwanza, Spana Baadaye

Katika maduka mengi ya vifaa vya ufundi, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, mtu anayesema kwamba anataka kuanza kutunza pikipiki yake nyumbani huoneshwa boksi lile lile: sanduku la plastiki lenye vipande 46, soketi zimepangwa kwa ukubwa, racheti katikati, na vichwa vya bisibisi vya kila umbo. Boksi hilo linavutia na bei yake haitishi. Tatizo ni kwamba soketi zake kwa kawaida huanzia namba 4 na kuishia namba 14, ilhali nati za ekseli za pikipiki nyingi tunazoendesha ni namba 17 au 19, bolti ya kumwagia oili kwenye injini za aina ya CG ni namba 17, na plagi ya injini hizo hudai soketi ndefu ya namba 18. Mnunuzi anaondoka na vipande 46 ambavyo haviwezi kumwaga oili, kukaza cheni wala kufungua plagi, yaani kazi zile zile zilizompeleka dukani.

Ninaandika haya kwa sababu watu kadhaa wameniomba niwaandikie orodha ya vifaa vya kununua, nami nimeona kuwa orodha peke yake haimsaidii mtu. Pikipiki ninayoitumia hapa Iringa ni ya Kichina yenye injini ya CC 125, ya mtindo wa CG ambao Honda waliuanzisha mwaka 1976 na ambao viwanda vingi vya China vimeunakili. Ni injini ya kupozwa kwa hewa ambayo vali zake husukumwa na fito ndefu, haina cheni ya ndani ya kuhofia, na mtu mwenye subira anaweza kuielewa yote. Atakayekuwa na Boxer au TVS atakuta namba tofauti hapa na pale, lakini njia ya kuchagua vifaa ni ile ile: nati ndizo zinazoamua spana.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, kaa na pikipiki yako kwa saa moja ukiwa na daftari. Pitia kila nati na bolti utakayohitaji kuigusa katika matunzo ya kawaida: bolti ya oili, ekseli za mbele na nyuma, virekebishaji vya cheni, nati ya fimbo ya breki, kifuniko cha tapeti, mikono ya klachi na breki, vikazio vya betri. Andika namba ya kila moja, yaani upana wake kwa milimita kutoka ubapa mmoja hadi ule unaoukabili. Kwa pikipiki za asili ya Kijapani na nakala zake utakuta namba chache zikijirudia: 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Daftari langu la kwanza halikujaza hata ukurasa mmoja, na ukurasa huo ndio uliofanya manunuzi yawe madogo kuliko nilivyotarajia.

Baada ya namba linakuja umbo la spana. Spana ya mdomo, ambayo gereji nyingi huiita flati, hushika nati kwenye pande mbili tu. Spana ya pete huizunguka nati yote. Nati iliyokaza kwa kutu hufunguliwa kwa pete au soketi, kisha flati hutumika kuimalizia ikishalegea au mahali ambapo pete haiingii. Ndiyo maana ninapendelea spana zenye mdomo upande mmoja na pete upande wa pili, zote namba moja. Kwa upande wa soketi, chagua zenye pembe sita ndani badala ya kumi na mbili. Ile ya pembe kumi na mbili ni rahisi kuipachika penye nafasi finyu, lakini inagusa karibu na ncha za nati, na nati ikiwa laini au imeshachakaa kidogo, ncha hizo huliwa na nati inalewa, yaani haishikiki tena.

Spana malaya, hiyo inayopanuliwa na kubanwa kwa gurudumu dogo, mimi sikuikataza ndani ya nyumba ila nimeipa kazi zisizo na madhara, kama vile kushikilia kichwa cha bolti upande wa pili au kufungua bomba la maji jikoni. Taya lake halikai kamwe bila kucheza, na kila linapocheza linalamba kona za nati. Hali kadhalika spana za inchi zinazouzwa mitumba kwa bei ya kutupa: nusu inchi ni milimita 12.7, hivyo juu ya nati ya 12 itaonekana kama imeingia vizuri, kumbe imebakiza mwanya unaotosha kuiharibu nati katika mkazo wa kwanza mkubwa.

Maandishi ya kromu na vanadiamu yaliyogongwa kwenye mpini hayathibitishi chochote, kwa maana mwenye mashine ya kugonga maandishi anaweza kugonga lolote. Kipimo ninachokiamini ni kwenda dukani na bolti mfukoni. Nunua bolti mpya mbili tatu za namba unazozihitaji, uzipachike ndani ya kila spana unayooneshwa, kisha uitikise. Spana nzuri inaingia bila kulazimishwa na inacheza kidogo sana. Spana mbaya inazunguka kidogo kabla ya kushika. Muuzaji wa kwanza anaweza kukukunjia uso. Muuzaji wa pili atakuletea boksi jingine kutoka nyuma ya kaunta.

Bisibisi ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote na ndiyo inayoleta hasara nyingi. Skrubu za nyota zilizopo kwenye kabureta na vifuniko vya injini za Kijapani, na nyingi za Kichina zilizofuata michoro hiyo, zilitengenezwa kwa kipimo cha Kijapani kinachojulikana kama JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida, ambayo asili yake ni kipimo cha Marekani kiitwacho Phillips, inafanana nayo kwa macho, lakini ncha yake haifiki chini ya msalaba wa skrubu, hivyo ukikaza mkono inapanda na kutoka huku ikikwangua kingo. Baadhi ya skrubu za JIS zina nukta ndogo iliyochomwa juu ya kichwa. Ukiiona, jua kwamba unahitaji bisibisi ya JIS, na ikiwa huipati, angalau tafuta bisibisi ya nyota namba 2 au 3 inayojaa kwenye msalaba bila kutikisika. Kwa skrubu zilizogoma kuna bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, ambayo kila pigo huizungusha kidogo huku ikiisukuma ndani. Ni kifaa cha bei ndogo ambacho kimeniepusha na kupeleka vifuniko kwa mchomeleaji.

Sasa nije kwenye kazi zenyewe, nikianza na oili, kwa kuwa hakuna kazi nyingine yenye faida kubwa kwa jasho dogo kiasi hicho. Katika pikipiki hizi, oili moja hulainisha injini, gia na klachi. Klachi imezama ndani ya oili, na hilo ndilo linalofanya uchaguzi wa chupa kuwa muhimu. Baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, na msuguano huo ndio ambao sahani za klachi zinautegemea ili zishikane. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA au MA2, ambayo ni kipimo cha Kijapani cha oili za pikipiki zenye klachi ya namna hii. Uzito wa oili, kama ni 20W-50 au 10W-30, fuata kitabu cha pikipiki yako. Mimi hubadilisha kila kilomita 2,000, na msimu wa vumbi, ambao kwetu ni kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza, siongezi hata kilomita 100 juu ya hapo.

Washa injini dakika chache oili ipate moto kidogo, zima, weka beseni chini, fungua bolti kwa soketi ya 17 au pete, na uiache oili itoke yote huku pikipiki ikiwa imesimama wima. Injini ya CG hupokea takriban lita moja au pungufu kidogo, hivyo usimimine chupa nzima bila kupima. Kwenye injini nyingi za Honda na nakala zake, kijiti cha kupimia huingizwa bila kuzungushwa uzi wake, na anayekizungusha mpaka mwisho kabla ya kusoma ataamini kwamba oili ni nyingi kuliko ilivyo. Wakati wa kurudisha bolti, ianzishe kwa vidole mpaka ikwame, na ubadilishe washa yake, ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa cha bolti, ikiwa imebapika. Bolti ni ya chuma na injini ni ya aluminiamu, kwa hiyo ukizidisha nguvu utakaoharibika ni uzi wa injini. Oili chafu iwekwe kwenye chupa na ipelekwe gereji inayoikusanya. Najua kwamba wengi huipaka kwenye nguzo za uzio dhidi ya mchwa, lakini oili hiyo hiyo hushuka kwenye udongo, na kwa wenye visima vifupi jambo hilo halifai hata kidogo.

Hapo ndipo swali la torki spana, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza na kulia inapofika kiasi ulichoiwekea, linapozuka. Zile zinazouzwa kwa wingi ni za magari, zenye kichwa cha nusu inchi cha kupachikia soketi, zenye kipimo kinachoanzia kwenye nyutonimita 28 au 40 na kwenda hadi 210. Bolti ndogo za pikipiki zenye uzi wa milimita 6 huhitaji karibu nyutonimita 10 tu, na zile za milimita 8 huhitaji kati ya 20 na 27 hivi. Torki spana ya gari haiwezi hata kuhisi bolti ya kwanza, na anayeitumia atasubiri mlio ambao utakuja baada ya bolti kukatika. Ukinunua moja, nunua ndogo yenye kipimo cha nyutonimita 5 hadi 25. Ikiwa fedha hairuhusu, tumia spana fupi kwa bolti fupi na uishike karibu na kichwa chake, si mwishoni mwa mpini.

Cheni ndiyo inayoteswa zaidi na barabara zetu. Watu wengi huipaka oili chafu iliyotoka kwenye injini, kwa hoja kwamba oili ni oili. Oili hiyo imebeba masizi na chembe za chuma, nayo ikichanganyika na vumbi jekundu hugeuka kuwa tope la kusagia. Cheni za pikipiki ndogo, ambazo kwa kawaida ni za namba 428 na hazina pete za mpira, zisafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, zifutwe kwa kitambaa, kisha zipakwe oili ya gia ya namba 90 kwa uchache upande wa ndani wa mkondo wa chini, ili mzunguko uisukume kwenye pini. Futa inayobaki juu, kwa sababu ndiyo itakayorukia tairi.

Kukaza kunahitaji uangalifu kuliko nguvu. Pandisha pikipiki kwenye stendi ya kati, zungusha gurudumu taratibu, na utafute mahali ambapo cheni imekaza zaidi, kwa kuwa hakuna cheni iliyotumika inayokaza sawa mzunguko wote. Pima hapo, katikati ya mkondo wa chini: kwa pikipiki nyingi za aina hii cheni inapaswa kucheza milimita 20 hadi 30 kutoka chini hadi juu. Legeza nati ya ekseli, zungusha virekebishaji vya pande zote mbili kwa kiasi kilekile mpaka alama zilingane, kaza ekseli, kisha pima tena. Usisahau kwamba kusogeza gurudumu nyuma hubadilisha mchezo wa pedali ya breki ya nyuma, hivyo breki nayo irekebishwe kabla ya kutoka getini. Klipu ya kiungo cha cheni itazamwe kila safari ya kusafisha: upande wake uliofungwa lazima uelekee kule cheni inakoelekea, la sivyo jiwe moja linaweza kuichomoa.

Kujua kama cheni imekwisha, rula inatosha. Umbali kati ya pini na pini kwenye cheni ya 428 ni milimita 12.7, kwa hiyo viungo 20 vilivyonyooshwa hupima milimita 254. Vikifika 259, cheni imerefuka kwa asilimia 2 na wakati wake umekwisha, hata kama virekebishaji bado vina nafasi. Ibadilishwe pamoja na sproketi zote mbili, kwani meno yaliyopinda kama ndoano huila cheni mpya kwa muda mfupi.

Plagi na airkilina, yaani kichujio cha hewa, nitazipitia kwa haraka. Spana ya bomba iliyokuja kwenye mfuko wa vifaa vya pikipiki inatosha kabisa kwa plagi, na ndicho kifaa pekee cha mfuko huo ninachokitumia bila kulalamika. Plagi ya D8EA, inayotumika kwenye injini nyingi za CG, huwekwa mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Rangi ya kahawia ni afya. Masizi meusi makavu huashiria petroli nyingi au airkilina iliyoziba. Unyevu wa oili huelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za vali. Weupe ni dalili ya joto kupita kiasi au petroli kidogo. Plagi mpya ianze kwa vidole hadi ikae, kisha ikazwe nusu mzunguko. Airkilina ya sponji huoshwa, hukaushwa, hulowanishwa kwa oili safi na kukamuliwa; ile ya karatasi haioshwi.

Tapeti, yaani skrubu za kurekebishia nafasi ya vali, ndizo ninazotaka kukaa nazo kidogo, kwa sababu wenye pikipiki wengi huziogopa, na kifaa chake ni cha bei ndogo kuliko vyote. Nafasi kati ya roka (mkono mdogo unaoisukuma vali) na vali kwenye CG ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili, ikipimwa injini ikiwa baridi kabisa, yaani asubuhi kabla ya kuwashwa. Kifaa chenyewe ni fila geji, seti ya majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi; nyingi za bei rahisi huruka kutoka 0.05 hadi 0.10, kwa hiyo soma namba kabla ya kulipa na utafute seti yenye jani la 0.08. Ukiikosa, hakikisha 0.05 linapita kwa urahisi na 0.10 halipiti.

Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, fungua kifuniko cha tapeti, kisha zungusha injini mpaka alama ya T kwenye sumaku ya upande wa kushoto ilingane na alama ya kifuniko. Hapo shika roka zote mbili kwa vidole. Zikiwa na mchezo mdogo, pistoni iko juu mwishoni mwa mgandamizo na unaweza kupima. Moja ikiwa imebana, zungusha injini mzunguko mmoja kamili urudi kwenye T. Legeza nati ya kufungia, ingiza jani, geuza skrubu hadi jani litoke kwa ukinzani mwepesi, ule wa karatasi inayovutwa chini ya kitabu chembamba. Kisha inakuja sehemu inayowashinda wengi: ukikaza nati, skrubu nayo hugeuka kidogo na nafasi inabadilika. Kwa hiyo ishike skrubu kwa mkono mmoja wakati unakaza kwa mwingine, na upime tena baada ya kukaza. Kipimo halali ni hicho cha mwisho.

Fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu, ambaye huniita Mwalimu kwa heshima ya kazi yangu, aliwahi kuniambia hivi: "Mwalimu, tapeti ikilia niletee kesho, ikinyamaza ghafla niletee leo." Sababu yake ni ya kifizikia. Tapeti yenye nafasi kubwa hugonga na kusikika. Iliyobana haisikiki, lakini inaizuia vali kufunga sawasawa, na vali ya moshi hupoza sehemu kubwa ya joto lake kwa kugusa kiti chake. Isipokigusa, inaungua. Kwa hiyo anayesifu injini yake kwa ukimya bila kupima tapeti asifu kwa tahadhari.

Breki za ngoma zina mshale unaoonesha uchakavu wa shuu, na kazi yako nyumbani ni kuutazama na kurekebisha nati ya fimbo. Ukifungua ngoma, usipulize vumbi lake kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lifute kwa kitambaa kilicholowa. Waya wa klachi huachiwa mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono, na hulainishwa kwa oili nyepesi iliyotiwa kwa bomba la sindano ya dukani, ambalo kwangu ni kifaa halisi cha ufundi na lina nafasi yake ndani ya sanduku.

Kama ningeanza upya na fedha kidogo, ningenunua kwanza spana sita za mdomo na pete kwa namba nilizozitaja, halafu bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa, fila geji, kipimo cha upepo wa tairi, na beseni. Mwezi mwingine ningeongeza racheti yenye kichwa cha inchi tatu kwa nane cha kupachikia soketi, pamoja na soketi za 10 hadi 19 zilizonunuliwa moja moja. Multimita ya bei ndogo ingefuata, kwa kuwa betri ya volti 12 inayosoma chini ya 12.4 baada ya kupumzika usiku, au chaji isiyofika 13.5 injini ikiwa kwenye mzunguko wa kati, hukupa jibu kabla hujanunua betri usiyoihitaji. Torki spana ndogo ingekuja mwisho.

Kunyoosha rimu ya gurudumu kwa spoku, kufungua klachi inayodai kifaa maalumu cha kung'olea, beringi za krenki na kuchonga viti vya vali ninaviacha gereji bila kuona haya, kwa kuwa vifaa vyake ni ghali na hutumika mara chache mno kwa mtu mwenye pikipiki moja. Ninapokwenda huko huchukua daftari lile la namba, ambalo sasa lina pia tarehe za oili, kipimo cha tapeti na urefu wa cheni. Fundi hulisoma kabla ya kugusa injini, na mara nyingi bei anayonitajia hushuka baada ya hapo, kwa sababu nusu ya maswali ambayo angelipwa kuyatafuta yameshajibiwa.